Kwa Nini Taifa Hulisaidia Taifa

Sisi wakazi wa mwambao wa Ziwa Viktoria twazijua namna mbili za kusaidia. Mwenye mtumbwi akimwazima jirani chombo chake, jioni hungojea fungu lake la samaki. Lakini mtumbwi ukipinduliwa na dhoruba, watu huingia majini bila kuuliza aliyezama ni wa ukoo gani, wala atawalipa nini. Namna zote mbili huitwa msaada, na kila moja ina mahali pake. Hatari ni kutozipambanua.

Mataifa nayo hutoa vivyo hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani iliisaidia Ulaya ya Magharibi kujijenga upya. Dhiki ilipungua huko. Papo hapo Marekani ikajipatia wanunuzi wa bidhaa zake na washirika dhidi ya Urusi. Huruma na faida zilipanda chombo kimoja. Basi tutajuaje ipi imeshika usukani? Siku ya kukabidhiana, hotuba zote hufanana. Nia ya mtoaji hudhihirika siku ya kutofautiana.

Jambo hili tumelionja. Mwaka 1965 serikali yetu ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi, ambayo haikupenda mataifa mengine yamtambue ndugu yake huyo, iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliitaka iondoe pia misaada mingine ya serikali yake. Desemba ya mwaka huo tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likatamka kwamba fedha haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu.

Hata hivyo, tukiishia hapo hatutakuwa tumesema kweli yote. Anayeingia Mwanza kwa meli huiona hospitali ya Bugando juu ya kilima. Ilijengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada wa Misereor, shirika la Wakatoliki wa Ujerumani ile ile ya Magharibi, ikafunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata serikali iliitaifisha, na Kanisa halikurudishiwa hadi 1985. Katika miaka yote hiyo vitanda vilibaki pale vilipohitajika. Hadi leo wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hukipanda kilima hicho.

Hapana budi tujipime na sisi. Tulipowapokea wapigania uhuru wa Msumbiji hatukuwa matajiri. Ulikuwa udugu, lakini pia tulijua kwamba jirani aliye huru ni ukuta wa nyumba yetu. Mwaka 2023, kimbunga Freddy kilipoipiga Malawi, Tanzania ilipeleka chakula, mahema na mablanketi. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa kwa fedha za serikali yetu wenyewe. Kujitegemea huko hakutufundishi kudharau msaada. Hutupa uwezo wa kuuchagua. Mwenye mtumbwi wake, japo mdogo, huazima mwingine bila kuinamisha kichwa, na siku ya dhoruba huwa na chombo cha kuwafuatia wenzake.