Kinyamaseke, Mbali na Uwanja

Aendaye Bwera kutoka Kasese hupita Kinyamaseke, mji mdogo chini ya milima ya Rwenzori. Hapa hapatachezwa mpira katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, lililokabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Mechi za Uganda zimepangiwa Namboole na Hoima.

Hata hivyo kombe hilo limekwisha kuufikia mji huu. Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, mpakani na Kongo, mbele kidogo ya Bwera. Waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tarehe 27 Septemba mwaka huo huo nchi hizo tatu zikapewa uenyeji. Utulivu wa mpaka huu, uliokuwa kilio cha wazazi, ukawa pia ahadi ya serikali mbele ya bara zima.

Wahandisi wa jeshi walioukarabati uwanja wa Namboole wamesifiwa, na wanastahili. Askari wa doria ya Mpondwe hapigwi picha. Nao wazazi wa Bwera wana haki ya kuuliza kama doria hiyo itabaki wageni watakapokwenda zao.