Motokari ya Mbio na Feza ya Zahabu

Vijana wetu wa migodini wanajua kupima zahabu mpaka chembe ya mwisho. Lakini zahabu ikishageuka kuwa feza mkononi, mara nyingi hatupimi tena. Leo nataka kusema nanyi juu ya motokari. Sisemi ile ya kazi, ya kubeba mihogo na ndagala. Nasema ile nzuri sana, yenye nguvu na mbio, iliyotumika miaka mingi Ulaya au Japani, na sasa bei yake imeshuka hata kijana wa shimoni anaweza kuinunua.

Jambo hili lilifika katika jamaa yetu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alichimba zahabu Misisi, kule Fizi, muda wa miaka minne. Kundi lao likapata mahali pazuri, wakagawana, naye akarudi Uvira na sehemu yake. Ana wadogo watatu. Mimi ndimi mjomba wao, na tangu mama yao alipofariki, shauri kubwa wanalileta kwangu. Basi akanionyesha picha katika simu yake: Mercedes-Benz E55 AMG ya mwaka 2004, rangi ya feza, viti vya ngozi nyeusi. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam, akitaka dola 11,000. Hiyo ilikuwa karibu feza yote aliyokuwa nayo.

"Mjomba, angalia," akasema. "Volani iko kushoto, sawa na zetu za Kongo. Hii ni bahati."

Sikumcheka. Mimi pia napenda mashini iliyotengenezwa vizuri. Tena huwezi kumshauri mtu juu ya kitu usichokijua. Nikaanza kwa kuuliza na kusoma.

Kampuni ya AMG ilianzishwa mwaka 1967 na Wajerumani wawili, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher. Herufi A na M ni za majina yao, na G ni ya Großaspach, mahali alipozaliwa Aufrecht. Kazi yao ilikuwa kuongezea moteri za Mercedes nguvu kwa ajili ya mashindano, na baadaye wenye Mercedes wakaichukua kampuni yao. Kule Affalterbach, moteri moja inafungwa na fundi mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, na jina lake linabandikwa juu yake. Moteri ya E55 ile ina silinda nane, na kompresa inayosukuma hewa ndani. Nguvu yake ni ya farasi 476. Toka kusimama mpaka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, haimalizi sekunde 5. Kiwanda chenyewe kiliifunga isipite kilomita 250 kwa saa.

Nilipomsomea haya, mpwa wangu alitabasamu, akafikiri nimekwisha kukubali. Nikamwambia, "Bado. Motokari ni kama mtu. Inasafiri, inakula, inaugua. Chukua kalamu, tuandike hayo matatu." Nikakata ukurasa wa daftari, nikampa yeye mwenyewe aandike.

La kwanza, safari. Dola 11,000 ni bei ya motokari ikisimama Dar es Salaam. Kutoka pale ipelekwe Kigoma, ipande mashua mpaka bandari ya Kalundu, ama izunguke kwa Burundi na kuingia kwa Gatumba na Kavimvira. Kila njia ina mwenye kulipwa. Halafu kuna ushuru wa DGDA, kuna OCC, kuna asiranse, kuna namba. Ushuru haupigwi juu ya bei ya motokari peke yake. Usafiri nao unahesabiwa. Mpwa wangu alikuwa hajaandika hata kimoja cha hivyo. Kalamu ikaanza kwenda polepole.

La pili, chakula. Tanki ya Mercedes ile inaingiza lita 80. Katika vipimo vya kiwanda inakula zaidi ya lita 12 kwa kilomita 100, na mjini, penye kusimama na kuondoka, inapita hapo mbali. Tena haili kila kitu. Kiwanda kinaitakia esanse ya okteni 98. Okteni ni kipimo cha namna esanse inavyovumilia kubanwa ndani ya silinda bila kuwaka mbele ya wakati wake. Ukiitilia esanse dhaifu, kompyuta ya moteri inajikinga kwa kupunguza nguvu, maana yake farasi uliowalipa Dar es Salaam hawatokei wote Uvira. Sasa, sisi tunanunua wapi esanse? Mara nyingi kando ya barabara, kwa wale tunaowaita makadhafi, katika chupa na bido. Nani atakuambia chupa ile ina okteni ngapi?

La tatu, ugonjwa. Hapa nilimpeleka kwa fundi ninayemjua, mwenye garaje ndogo, mtu mwaminifu ambaye ametengeneza magari ya jamaa nyingi za kanisa. Akatazama picha muda mrefu, akafuta mikono, akasema:

"Pasta, Toyota minaitengeneza hata usiku, bila taa. Hii siwezi kukudanganya. Haina resore kama zetu. Inakaa juu ya hewa."

Ni kweli. Motokari ile inabebwa na mifuko ya mpira yenye hewa, na pampu ya kuijaza. Mpira ukitoboka, motokari inalala tumbo chini, na huwezi kuipigia nyundo ikasimama. Fre zake nazo ni za umeme. Unakanyaga, kompyuta inasoma mguu wako, halafu pampu inabana magurudumu. Mwaka 2004 Mercedes iliita magari karibu 680,000 yarudi kukaguliwa juu ya fre za namna ile, na miaka michache baadaye ikaacha kuzitia katika motokari za aina hiyo. Zilizobaki duniani bado ziko nazo, na yule anayenunua ya zamani ananunua na fre zake. Kwa kuipima ugonjwa unahitaji mashini inayojua lugha yake. Fundi wetu hana. Piesi itoke mbali, na fundi wa kuifunga atoke mbali vilevile.

Ukurasa ulijaa. Lakini kulikuwa na jambo la nne ambalo hatukuliandika, maana sote tunaliona kila siku: barabara. Yetu ni RN5, ile inayotoka Bukavu, inapita bonde la Ruzizi, inaingia Uvira na kushuka Baraka na Fizi mpaka Kalemie. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya mji, ukachukua watu na nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda likaingia Kalundu. Ukitoka Uvira kwenda Baraka utakuta mawe, mashimo na matope ya milimani. Motokari iliyotengenezwa kwa barabara laini za Ujerumani, tumbo lake karibu na ardhi, itapita wapi?

Tena barabara yetu inapita katikati ya vijiji. Watoto wanachota maji ng'ambo, mbuzi wanavuka, mama wametandika nyanya pembeni. Tarehe 2 Julai 2010 lori ya esanse ilipinduka Sange, esanse ikawaka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Sisemi Mercedes ni lori ya esanse. Nasema kando ya barabara hii watu wanaishi, na farasi 476 chini ya mguu wa kijana wa miaka 26 ni jambo la jirani zake pia. Na tusisahau vizuizi vya njiani. Motokari ya kung'aa inatazamwa na macho mengi, na si yote yanayoitakia mema.

Mpwa wangu alinyamaza. Halafu akasema neno ambalo ndilo lilikuwa shina la jambo lote.

"Mjomba, miaka mine nimekula vumbi. Hapa Uvira walikuwa wananiita mutoto wa shimo. Nataka siku moja tu wanione."

Hapo hesabu peke yake haitoshi, wapenzi. Kiu ya kuheshimiwa si dhambi. Mtu aliyeingia chini ya ardhi akihofia udongo umwangukie, halafu akadharauliwa na wale waliokaa kivulini, ana haki ya kutaka kusimama kati ya watu. Nikamwambia hivyo wazi. Halafu nikamwuliza: "Watakuona siku ya kwanza, ndiyo. Siku ile itakapolala tumbo chini kando ya barabara, na mdogo wako amerudishwa nyumbani juu ya minervali, watamwona nani?"

Akanirudishia swali: "Na wewe, ungekuwa na hii feza, hungeinunua?"

Nikajibu bila kuficha. Kama ningekaa penye barabara yake, na fundi wake karibu, na feza mara tatu ya bei yake, wadogo wangu wote wakiwa wamesoma, ningeinunua, na ningempandisha yeye kiti cha mbele. Yule mtu wa Luka 14 hakukosea kwa kutaka mnara. Alikosa kuketi kwanza na kuhesabu.

Sikumkataza. Feza ni yake, jasho ni lake, na kijana aliyekatazwa ataenda kununua kwa siri. Nilimwomba akae na ukurasa ule wiki mbili, awaonyeshe na wadogo zake, maana wao pia watakula au watakosa kwa ajili ya shauri hilo. Nikamwomba asitume hata dola moja ya kushika motokari mpaka wiki hizo ziishe.

Wiki mbili zilipokwisha alikuja na dada yake mdogo. Alikuwa amemwandikia muuzaji kwamba haendelei. Sehemu ya feza imenunua kiwanja, mbali kidogo na ziwa na mbali na Mulongwe. Sehemu imelipa masomo ya uuguzi ya yule dada. Iliyobaki ameiweka kwa Toyota ya kubeba watu njia ya Baraka, lakini amesema hataitoa kabla fundi wetu hajaiona kwa macho. Picha ya Mercedes bado iko katika simu yake. Sikumwambia aifute.

Wewe kijana unayesoma gazeti hili ukiwa Misisi, Kamituga au popote wanapochimba, pengine feza yako nayo itafika. Siku hiyo, kabla ya kumtumia muuzaji chochote, jiulize haya. Ikishafika nyumbani, itakuwa imenigharimu ngapi kwa jumla? Itakula nini, na chakula hicho kinapatikana kwetu? Ikiugua, jina la fundi wake ni nani, na anakaa wapi? Barabara ninayopita kila siku inaiweza? Na katika nyumba yetu, nani atakosa nini ili mimi nipande?

Andika majibu kwa mkono wako mwenyewe. Kama yote yanakutuliza, nunua, uendeshe polepole, utuangalizie watoto barabarani. Kama moja linakutisha, ngojea kwanza. Motokari za namna hiyo hazikomi kuuzwa.