Nguo ya Matembezi: Usisahau Saa ya Kurudi



Kila mwaka, wakati mashule yanakaribia kufunga, ulizo moja linazunguka katika nyumba za Likasi, Kipushi, Kolwezi na Lubumbashi: «Siku ya matembezi tutavaa nini?» Tarehe 30 Juni tunakumbuka uhuru wa mwaka wa 1960. Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi: asubui watu wanaenda kwenye makaburi, kisha wazazi wenye wangali wazima wanafurahishwa. Katikati ya tarehe hizo mbili kuko ndoa, kuko vikao vya jamaa, kuko matembezi ya vijana. Wengi wanapenda kwenda kwenye bustani ya wanyama ya Lubumbashi, kuzunguka, kupiga picha na kula pamoja. Wale wa Likasi wanafanya kilometa karibu 120, na wale wa Kolwezi karibu 300. Wanatoka mbele ya jua kupanda, wanarudi usiku.

Watu fulani wanafikiri kama muchungaji akiandika juu ya mavazi, ni kwa kukataza tu. Leo sikatazi. Kuvaa vizuri ni jambo zuri, tena ni heshima kwa wale wenye unatembea nao. Neno langu ni moja: nguo ya matembezi ni nzuri ikiwa inakutoa nyumbani na inakurudisha nyumbani.

Tujue kwanza inchi yetu. Lubumbashi iko juu ya metre 1200 kupita bahari, na Kolwezi inapita metre 1400. Mwezi wa 6 na wa 7 hakuna mvua, hakuna mawingu, na hewa ni kavu. Mchana jua linaangaza vizuri, tunafika karibu digrii 25, na mutu anatembea na shati tu. Lakini mawingu ni sawa blanketi juu ya inchi: yakikosekana, joto la mchana linapanda na kupotea mara moja. Jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, na mbele ya mapambazuko tunaweza kuwa chini ya digrii 10. Kwa hiyo siku moja iko na majira mawili. Asubui ni baridi, mchana ni joto, usiku ni baridi tena.

Sasa wewe kijana, unajifunza kuvaa kwa nani? Mara mingi ni katika nyimbo za video za Kinshasa. Marehemu Papa Wemba, aliyekufa mwaka wa 2016, alifanya vijana wengi wapende sape, na sape ilienea zaidi Kinshasa na Brazzaville. Lakini Kinshasa iko chini, karibu metre 300 tu. Hata usiku wa mwezi wa 7, kule kunabakia karibu digrii 18. Mutu anaweza kukaa inje na bluzi nyepesi mpaka usiku wa manane. Nguo ile ile ukiileta Kolwezi, saa mbili ya usiku unatetemeka. Si nguo iko mbaya. Haikushonwa kwa usiku wetu.

Niwaelezee jambo lenye niliona. Miaka fulani iliyopita nilikuwa katika basi moja na vijana wa parokia wenye walikuwa wanarudi kutoka matembezi. Kati yao kulikuwa binti wa miaka 14, mwenye ugonjwa wa SS, ule wenye waganga wanaita drepanositozi. Asubui mama yake alimupa pulovere nzito. Binti alijibu: «Mama, hii pulovere itafunika bluzi yangu, bote batanicheka.» Akaiacha nyuma ya mulango.

Mchana wote alifurahi, na picha zake zilikuwa nzuri kupita zote. Lakini njiani gurudumu likapasuka, tukasimama zaidi ya saa moja katika upepo, na madirisha mawili ya basi yalikuwa hayafungi. Binti akaanza kusema miguu inamuuma, kisha mugongo. Mama mumoja akafungua kikwembe chake cha juu na kumufunika. Kijana mumoja akatoa jaketi yake bila kuombwa. Mwingine akamupa maji ya kunywa. Tulipofika mujini tukamupeleka moja kwa moja ku hospitali, na huko alilala siku ine, mama yake kando ya kitanda. Alipona. Mama yake hakumufokea hata kidogo. Alikaa tu anamushika mukono.

Wazazi, mujue vizuri ginsi ugonjwa huu unatenda. Mutoto anauriti kwa baba na kwa mama, wote wawili. Si ulozi, na si kosa la mama peke yake. Chembe nyekundu za damu yake zinapinda sawa mundu, na zinaweza kuziba mishipa midogo. Baridi inafanya mishipa ijikaze, na kiu inafanya damu iwe nzito. Ndiyo sababu baridi, kukosa maji na kuchoka sana vinaweza kuamusha maumivu makali. Katika Kongo nyumba nyingi ziko na mutoto wa namna hiyo. Kwake pulovere ni sehemu ya dawa. Hata mwenye pumu anaweza kusumbuliwa na hewa ya baridi na kavu. Na mutoto mudogo anapoteza joto mbio kuliko mukubwa, hata akiwa muzima.

Basi tuvae namna gani, na tubakie wazuri?

Kwanza, anza na nguo ya jioni. Wengi wanachagua bluzi kwanza, na pulovere wanainyakua mwisho, yoyote yenye kuwa karibu. Ndiyo maana haipatane, na ndiyo maana wanaiacha nyumbani. Wewe chagua kwanza jaketi ao pulovere, kisha tafuta shati, robe ao pantalo yenye kupatana nayo. Wasapere wenyewe wako na sheria: rangi zisipite tatu. Sheria hiyo inasaidia, kwa sababu ukivua jaketi mchana uko sawa, na ukiivaa usiku uko sawa tena.

Pili, vaa nguo mbili ao tatu nyepesi kuliko moja nzito. Hewa yenye kushikwa katikati ya nguo ndiyo inachunga joto. Ndani pamba, juu yake pulovere, na inje kitu chenye kukata upepo. Baba zetu wenye kufanya kazi ya usiku ku mugodi wanajua hayo, na hakuna mutu anawacheka.

Tatu, beba shati la ndani la kubadilisha. Mutu akicheza mchana anatoka jasho, na pamba yenye kulowana inakuwa baridi sana usiku. Vua ile yenye maji mbele ya jua kuzama, vaa kavu, kisha vaa jaketi. Usingojee mpaka utetemeke.

Ine, usizarau vitu vidogo. Wakati wa abakosti, kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwaka wa 1990, kravati ilikatazwa, na wazee wengi walifunga fulari shingoni. Fulari haina uzito, inaingia katika sakoshi, inapamba na inaleta joto. Kikwembe kimoja cha zaidi ni shali, ni blanketi ya mutoto, ni kitambaa cha kukalia chini. Kwa miguu, vaa viatu vyenye kufungwa na vyenye miguu yako imekwisha kuzoea. Viatu vyeupe na mavumbi yetu mekundu hawapatane. Na mchana usisahau kofia na maji.

Juu ya feza nitasema kidogo. Usikope kwa ajili ya siku moja. Pulovere ya mitumba ikifuliwa vizuri, na vifungo vikibadilishwa, inapendeza. Inunue mbele ya baridi kuanza, wakati watu hawajaitafuta.

Na yule binti? Mwaka wenye ulifuata mama yake alipeleka kikwembe chenye maua ya kijani kwa mushonaji, wakatia flaneli ya blanketi ya zamani ndani, ikawa jaketi. Mchana alikuwa anaifunga kiunoni. Jioni ilipofika akaivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, na wasichana wenzake wakaanza kumuuliza: «Mushonaji wako iko wapi?» Mwaka ule hakuna mwenye alimucheka.

Vijana, ndiyo maana naomba musimucheke mutu mwenye kubeba nguo nzito wakati jua liko kali. Hamujui damu yake inamuomba nini. Na kijana mwenye nguvu abebe jaketi hata kama yeye haisikie baridi, kwa sababu njiani kunaweza kupatikana mwenye hana.

Wazazi, jioni ya siku ya mbele ya matembezi, musiulize tu kama robe imepigwa pasi. Muulize gari litarudi saa ngapi. Kisha mutie pulovere ya mutoto ndani ya sakoshi yake, chini ya chakula, kusudi asiisahau nyuma ya mulango.