Kamera ya picha za karibu: pima mvukuto kwanza
Jamani, akiba yangu inatosha kamera moja tu ya kukunjwa, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5, kwa hivyo sichagui kwa jina wala mng'ao wa mbao. Natazama mvukuto, ile mikunjo kati ya lenzi na filamu.

Nataka chipu za kompyuta zitokee kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi. Hapo umbali wa lenzi hadi filamu huwa mara 2 ya milimita zilizoandikwa kwenye lenzi: ya 150 inadai mvukuto wa 300. Ya 100 inatosheka na 200, ila itaisogelea chipu zaidi na kuizibia taa. Mwanga nao hubaki robo, sekunde 1 inakuwa 4. Chipu haitikisiki, kamera je?

Basi nachukua yenye mvukuto mrefu na fremu imara, hata ikiwa nzito.