Filamu ya Gustave Mbele ya Wenye Ziwa

Kaka,

Salamu kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao ukiamka asubuhi unaweza kudhani umelala Ujiji: adhana, harufu ya maandazi, na Kiswahili kikipita dirishani. Uliniomba nikuandikie habari za ziwa na bei ya ndagala, na hayo yatafuata. Barua hii ni ya filamu. Nimekaa na watu wakaangalia filamu ya kutisha inayowahusu wenyewe, wakacheka pale walipotakiwa kuogopa, wakanyamaza pale ambapo mtengenezaji alipita mbio. Sijatulia tangu siku hiyo.

Filamu yenyewe inaitwa Primeval. Ilitoka Marekani Januari 2007, mwongozaji ni Michael Katleman, na kinara wake ni Dominic Purcell, yule wa Prison Break, tamthilia ambayo enzi zile kila muuza CD wa Kariakoo alikuwa nayo. Kituo cha televisheni cha Marekani kinatuma watu wake Burundi wakamkamate mamba muuaji, na huku nchi iko vitani. Lakini matangazo yaliyobandikwa na kurushwa kule Marekani hayakumtaja mamba. Yalimnadi muuaji ambaye ameua watu kuliko muuaji yeyote na bado hajakamatwa, hata mtu akakata tiketi akijua anakwenda kumwona binadamu mwenye kisu. Taa zikazimwa, akatokea mamba. Watazamaji wengi walitoka wamenuna kwa kuona wameuziwa kitu wakapewa kingine, wahakiki nao wakaiponda, na filamu ikasahaulika upesi.

Huku Bujumbura siri hiyo isingemdanganya mtoto. Muuaji wa mto Rusizi anajulikana kwa jina, Gustave, na jina hilo alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyekaa Burundi miaka mingi na kumfuatilia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Alimkadiria urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900, mwenye kovu la risasi kichwani. Mwanzoni alidhaniwa ana miaka 100, lakini alipochunguzwa kwa karibu akaonekana meno yake yote yamo, na mamba mzee wa umri huo asingekuwa nayo. Faye na wenzake wakamshusha hadi miaka 60 hivi, na bado anakua. Walimtengenezea tundu la chuma la mita 9, zito la tani nzima, wakamtegea chambo cha kila aina na mwishowe mbuzi hai. Usiku mmoja ikaja dhoruba. Kulipokucha tundu lilikuwa limezama nusu, mbuzi hayupo, na kamera haikuwa imenasa kitu. Kisa hicho kimo katika filamu ya makala iliyooneshwa 2004. Waliouawa naye hutajwa kuwa 300, lakini hiyo ni hesabu ya mdomo.

Tuliiangalia Primeval uani kwa mwenyeji wangu, shuka jeupe limetundikwa ukutani na projekta imeazimwa. Walikuwapo wavuvi, vijana wa mtaani, akina mama waliomaliza kazi za jioni, na bibi wa nyumba kwenye kiti chake. Nakala ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo mjukuu wa bibi alisimama kando ya shuka akitusomea kwa Kiswahili, vilevile Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, alivyotuzoesha sisi: haishii kutafsiri, anamsema mwigizaji, anamwonya, anamkumbusha alikotoka. Bila yeye nisingeelewa nusu ya yaliyotokea pale uani, maana watu walikuwa wakijibizana naye yeye kuliko na filamu.

Kicheko cha kwanza hakikumhusu mamba. Kilihusu nchi. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na mama mmoja aliliona hilo kabla mtu hajasema neno. "Milima ya Kongo iko wapi?" akauliza. Alikuwa na haki. Ukisimama popote ufukweni Bujumbura, mbele yako kuna maji na nyuma ya maji milima ya Kongo imejipanga kama ukuta. Hakuna Burundi ya ziwani bila milima ile. Kuanzia hapo kila mandhari ilipobadilika sauti ilisikika kutoka gizani ikiitafuta milima.

Kisha akatokea mamba mwenyewe, wa kutengenezwa kwa kompyuta, akitimua mbio nyikani nyuma ya watu wazima, akivunja vitu na kuruka. Vijana walishika mbavu. Mvuvi mmoja wa makamo hakucheka. Alitikisa kichwa akasema, "Hiyo ni gari, siyo mamba," na kijana mtafsiri akasimamisha filamu ili mvuvi asikilizwe.

Mvuvi huyu hutega nyavu karibu na mdomo wa Rusizi, mahali ambapo matete yanaingia ziwani na mtu husimama kwenye maji yanayofika kifuani. Alisema mamba aliyelala juu ya mchanga mdomo wazi hamsumbui. Huyo anaota jua. "Anayekuua ni yule uliyemwona jana, na leo humwoni." Mamba hatafuni, akaeleza. Anashika, anavuta kwenye kina, halafu anajizungusha ili kukata kipande cha kumeza. Aliyeshikwa mara nyingi hapati hata nafasi ya kupiga kelele. Wenzake wanageuka na kukuta maji tu. Hapo akanishika mkono chini ya kiwiko, akaanza kuuvuta kuelekea sakafuni, taratibu, bila nguvu ya kuonekana, na mwili wangu ukaufuata mkono kabla sijajua. Kila mtu alitazama mkono ule. Nakuambia kaka, hakuna kilichotisha kwenye shuka lile kuliko hicho.

Nikakumbuka habari za Jaws, ile ya Steven Spielberg ya 1975. Papa wa mashine alikuwa akiharibika majini mara kwa mara, ikawabidi wapige maji bila papa, na ni maji yale matupu yaliyowatoa watu jasho dunia nzima. Katleman alikuwa na mamba wa kompyuta, ambaye haharibiki, kwa hiyo akamwonyesha mpaka tukamzoea. Angekaa nusu saa na mvuvi yeyote wa huku angejua kwamba ziwa lenye mamba linatisha wakati linapokuwa shwari.

Sasa nirudi mwanzo wa filamu, ambao nimeuruka makusudi. Inaanza na kaburi la halaiki. Mtaalamu mwanamke kutoka Ulaya amekuja na kundi lake kulifukua kando ya maji ili kuwachunguza waliozikwa humo, na hapo ndipo mamba anapomchukua. Ni dakika chache tu, na kwa mtazamaji wa Marekani kazi yake ilikuwa kumtambulisha muuaji. Pale uani kijana alikoma kutafsiri. Udongo ulipofukuliwa nilisikia mtu akivuta kiti nyuma. Watoto wawili waliokuwa mbele waliambiwa waende ndani. Mamba alipotokea baada ya hapo, sidhani kama kuna aliyemwona.

Nilikuja kuelewa polepole, kwa maongezi ya siku zilizofuata, maana jambo hili halizungumzwi mbele ya umati. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, vinakadiriwa kuua watu 300,000. Kabla ya hapo kulikuwa na 1972, mauaji ambayo wazee walikatazwa hata kuyalilia. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba imetoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi sita mkoani Karusi, na kwamba nchi nzima imetambua makaburi ya namna hiyo zaidi ya 4,000. Pamoja na mifupa yalikutwa mavazi, miwani, rozari na risasi. Kwa hiyo mwanamke yule wa kwenye filamu, akiwa amepiga magoti na vifaa vyake, alikuwa akifanya kazi ambayo watu wa uani wameiona ikifanywa kweli kwao. Bibi ndiye aliyeniambia kesho yake, akichambua mchele: "Mimi sikumwona mamba wenu. Niliangalia kama watafika chini." Yaani chini ya kaburi. Alitaka kazi imalizike.

Filamu inasema pia kwamba mamba alizoea nyama ya watu kwa sababu ya maiti zilizotupwa mtoni wakati wa vita. Juu ya hilo ubishi ulikuwa mkali. Mvuvi wetu alikataa: mamba amekula watu tangu babu zake, vita au hakuna vita, na kumwekea mnyama sababu ni kumpa akili asiyo nayo. Mama wa milima ya Kongo akamjibu kwamba mto ulibeba watu, hilo hakuna asiyelijua, na mnyama hula anacholetewa. Sikuona mshindi. Lakini nilitambua kwamba hicho ndicho kitisho halisi cha hadithi ile, na waandishi wake walikishika mkononi, wakakitamka, kisha wakakiacha wakakimbilia kumfukuza mnyama vichakani.

Jambo lililowaudhi hasa, na hapa hasira yao iko mbali sana na ile ya Wamarekani waliolalamikia tiketi, ni hesabu ya vifo. Kwenye filamu mamba ameua watu wa ziwani kwa mamia, na hakuna kamera iliyokuja. Anakufa mwanamke mmoja wa Kizungu, ndege inakodiwa. Kijana alipotufikisha hapo alinyamaza kidogo, akauliza: "Na wa kwanza aliitwa nani?" Hakuna aliyemjibu. Filamu haimjui, na sisi hatumjui.

Nilikwenda na kijana huyo hadi Gatumba, barabara inayoelekea Uvira, ambako ndiko kunakopitiwa kwenda mbuga ya Rusizi. Mafuriko ya Aprili 2020 yaliwahamisha watu kwa maelfu, na tangu hapo maji yamerudi kwa vipindi, yakiwaleta viboko na mamba karibu na nyumba. Gatumba hiyohiyo, usiku wa Agosti 13, 2004, wakimbizi Wanyamulenge kutoka Kongo zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao wanawake na watoto. Angalia mwaka, kaka. Ni uleule ambao watazamaji wa mbali walioneshwa tundu la chuma na mbuzi aliyetoweka.

Gustave mwenyewe hajulikani alipo. Wengine wanasema amekufa, lakini mzoga haujaonekana, na wavuvi hawapunguzi tahadhari kwa habari ya kusikia. Mchana tulimkuta mama akifua, na ndoo yake ameifunga kwenye mti mrefu ili achote bila kuinama juu ya maji. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na ndoo yenye mpini mrefu.

Njiani kurudi, kijana alizungumza filamu tu. Anajua kwamba Léonce Ngabo alitengeneza Gito l'ingrat mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, na kwamba Ngabo huyohuyo alianzisha tamasha la filamu la FESTICAB mwaka 2009. Anataka kulipelekea tamasha hilo hadithi ya Gustave iliyopigwa hapa, milima ya Kongo ikionekana, ikianza na yule wa kwanza ambaye hatumjui jina, ambaye yeye atampa jina, mama, mtumbwi na deni dukani. Usiku aliwaeleza wote pale uani, na ugomvi ukaanza upya juu ya swali moja: mamba aonekane au asionekane? Mvuvi anataka aonekane mara moja tu, macho na pua juu ya maji, halafu basi. Mama anasema asionekane kabisa. Vijana wanasema filamu bila mamba hakuna atakayelipa kuiona. Nimewaambia niko upande wa mama, na mvuvi amekasirika nami mpaka sasa.

Nduguyo