Iowa City, Mji Unaopunga Mkono

Ukitoka Chicago kwa gari ukashika barabara kuu namba 80 kuelekea magharibi, utavuka Mto Mississippi, utapita mashamba ya mahindi na soya yanayokwenda hadi upeo wa macho, na baada ya kilomita kama 350 utaingia Iowa City. Ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi karibu 75,000. Mto Iowa unaupasua katikati. Upande wa mashariki, juu ya kilima, limesimama jengo la zamani la serikali lenye kuba la dhahabu, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya jimbo hadi mwaka 1857. Upande wa magharibi ndiko uliko uwanja wa Kinnick, wenye nafasi za watu 69,250. Piga hesabu mwenyewe: karibu mji mzima ungeweza kuingia humo na kuketi.

Jumamosi za Septemba hadi Novemba, majani yanapogeuka rangi na mahindi yanapovunwa, uwanja huo hujaa watu waliovaa nyeusi na dhahabu. Wamekuja kuitazama timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Hawkeyes, ikicheza mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi. Jimbo la Iowa halina klabu hata moja katika ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Mapenzi ambayo miji mikubwa huyagawa kwa klabu za matajiri, hapa yote huwaendea vijana wa chuo, ambao asubuhi ya Jumatatu watarudi darasani.

Nilifikia kwa mume na mke wastaafu waliojuana wakiwa wanafunzi wa chuo hicho. Bibi alisomea uuguzi, bwana ni mtoto wa mkulima. Sisi tumezoea nyumba ambazo baba ni Yanga na mama ni Simba, na siku ya mechi chakula huliwa kimyakimya. Iowa nao wana nyumba za namna hiyo, maana chuo cha Iowa State kilichoko Ames ni mtani wao wa jadi. Wenyeji wangu wako upande mmoja, nao wamegawana kazi. Bibi anamjua kila mchezaji kwa namba ya jezi, shule aliyotoka na goti lililomsumbua msimu uliopita. Bwana ndiye mtunza historia. Tiketi zao ni za msimu mzima, viti viwili vilivyopakana, na mechi hata iwe imekwisha kupotea hawanyanyuki mpaka filimbi ya mwisho.

Siku ya mechi tuliondoka nyumbani alfajiri. Barabara ya Melrose, inayopita ubavuni mwa uwanja, ilikuwa tayari imechangamka. Wenye nyumba wamegeuza bustani zao kuwa maegesho, moshi wa nyama unapanda kila upande, na watu wanatembea wameshika mapaja ya bata mzinga ya kuchoma. Bibi alifungua vyombo vyake nyuma ya gari, akaanza kumpakulia kila anayepita. Wengine walikuwa jirani, wengine hakuwahi kuwaona. Hakuna aliyeulizwa jina kabla ya kupewa sahani.

Kabla ya kuingia, bwana alinipitisha penye sanamu ya Nile Kinnick, ambaye jina lake limepewa uwanja tangu mwaka 1972. Kinnick alishinda tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1939. Miaka minne baadaye, akiwa rubani wa jeshi la majini, ndege yake ilianguka katika Ghuba ya Paria wakati wa mazoezi, na mwili wake haukupatikana. Sanamu inamwonyesha amebeba vitabu, na kofia yake ya mchezo iko miguuni.

Upande wa kaskazini kuna mchongo wa Duke Slater, na nyasi za uwanja zimepewa jina lake tangu mwaka 2021. Slater alikuwa mchezaji mweusi aliyeichezea Iowa kuanzia mwaka 1918 hadi 1921. Inasimuliwa kwamba alipokuwa shule, baba yake, mchungaji wa kanisa, hakuwa na uwezo wa kumnunulia kofia na viatu pamoja. Kijana akachagua viatu. Mwaka 1921 aliwafungulia wenzake njia bila kofia kichwani, Iowa ikaifunga Notre Dame 10 kwa 7. Baadaye alisoma sheria chuoni hapohapo, akawa hakimu Chicago. Bwana alisimulia habari hizi kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Ndani ya uwanja, wachezaji hutoka wameshikana mikono, wakisogea kama kitu kimoja. Usitarajie mbwembwe. Iowa ni timu ya ulinzi na subira, na mashabiki wake wameipenda hivyo. Mwaka 2023 mmoja wa vipenzi vyao wakubwa alikuwa Tory Taylor, Mwaustralia ambaye kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali timu inaposhindwa kusonga mbele. Msimu ule aliweka rekodi ya vyuo vyote ya jumla ya yadi alizopiga. Watu wa mashamba wanaijua thamani ya kazi isiyong'aa, nao waliishangilia kwa kusimama.

Kisha robo ya kwanza ikaisha. Nyuma ya jukwaa, ng'ambo ya barabara, kuna hospitali ya watoto ya chuo hicho, jengo refu lililofunguliwa mwaka 2017. Ghorofa zake za juu zinauona uwanja wote, na watoto wenye saratani, wenye moyo mgonjwa na waliofanyiwa upasuaji huletwa madirishani pamoja na wazazi wao. Mwaka huohuo shabiki mmoja alipendekeza mtandaoni kwamba uwanja mzima uwapungie mkono. Tangu hapo, robo ya kwanza ya kila mechi ikimalizika, wote huupa mgongo mchezo: mashabiki, wachezaji wa pande zote mbili, makocha na waamuzi. Watu 69,000 wanainua mikono, na kule juu mikono midogo inajibu.

Bibi aliyefanya kazi ya uuguzi alipunga kwa mikono yote miwili. Bwana alivua kofia. Nilielewa pale kwa nini watu hawa wameweza kupenda kitu kimoja pamoja umri wao wote bila kuchoshana. Timu imewapa jambo la kutazama kwa pamoja lililo kubwa kuliko wao wawili.

Mashariki ya mto kuna mengine ya kuona. Iowa City ilitangazwa na UNESCO kuwa Mji wa Fasihi mwaka 2008, na katika programu ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, mwandishi Taban lo Liyong, ambaye baadaye alifundisha Nairobi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuhitimu shahada ya uzamili, mwaka 1968. Tenga siku yake.

Lakini ukienda, nenda msimu wa mechi. Fika Ijumaa, lala mjini, amka mapema, na ukikaribishwa sahani Melrose usikatae. Wapo wanaodhani ushabiki ni upofu, kwamba anayeipenda timu sana hawezi tena kuona kitu kingine. Hawajakaa jukwaani Kinnick, ambako wapenzi wa dhati wa mchezo ndio wanaojua saa ya kuugeuzia mgongo.