Kodi Nililipa, Duka Likafungwa

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Nashona sare za shule, magauni ya harusi na vitenge vya akina mama wa chama. Mimi pia ni mwanamume ninayempenda mwanamume, na kwa miaka mingi hilo halikumhusu mteja yeyote aliyekuja kupimwa shati.

Mambo yaliharibika mwaka 2023. Januari, mwili wa Edwin Chiloba, mbunifu wa mitindo na mwanaharakati, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma huko Uasin Gishu. Kwa sisi tunaoishi kwa sindano na uzi, hofu iliingia hadi kwenye mifupa. Kisha tarehe 24 Februari Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba serikali ilikosea kukataa kusajili shirika linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Nchi ikawaka. Kanisani, msikitini, redioni, ndani ya matatu, hakukuwa na habari nyingine. Mtaani kwetu watu wakaanza kuulizana nani hajaoa.

Mwenye plot alinipigia simu jioni moja ya Aprili. “Fundi, watu wanasema. Mimi nina familia, sitaki laana kwa nyumba yangu.” Asubuhi nikakuta kufuli mpya, nzito, imetundikwa kando ya yangu. Ndani kulikuwa na cherehani zangu, ovaloki, na vitambaa vya kijani vya sare ambazo wazazi walikuwa wamelipia nusu. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Wasichana wawili niliowaajiri walirudi nyumbani mikono mitupu. Mwenye kuniuzia vifungo alikosa oda. Mwenye plot mwenyewe alikosa kodi. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na soko la Wakulima ndiye aliyeniita: “Mwanangu, cherehani ya marehemu dada yangu iko tu pale ndani. Njoo ushone.” Nilishonea kwenye baraza lake, mvua ikinyesha, naye akiwajibu waliomuuliza kwa nini ananiweka.

Wapo wanaosema mali ni ya mwenyewe, ampe amtakaye. Sebuleni kwake, sawa. Lakini chumba cha biashara kimewekwa sokoni kwa kila mwenye kodi, na sisi wa Nakuru tunajua kinachofuata watu wakianza kuchaguliwa. Mapema 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, mtu alitambuliwa kwa jina la ukoo wake, si kwa uaminifu wake wa kulipa. Majirani walifukuzwa, biashara zikachomwa, na maelfu wakaishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho. Mji mzima ulilipia, hata wasiomgusa mtu.

Kijana wa msaada wa kisheria ndiye aliyenifumbua macho. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai bado kipo, adhabu yake hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Hakimpi mwenye nyumba ruhusa ya kumfungia mtu vyombo vya kazi. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi hata baina ya raia na raia. Na ipo sheria ya zamani, Sura ya 301: mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, haondolewi bila notisi ya maandishi isiyopungua miezi miwili. Sababu zinazokubalika zimeorodheshwa humo, kama vile kutolipa kodi, kuacha jengo liharibike, au mwenyewe kulihitaji. Uvumi haumo.

Nilikwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara na ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi. Baraza likaamuru nifunguliwe. Mwenye plot alifungua kwa mkono wake, bila kunitazama. Wazazi waliodai pesa zao niliwarudishia. Wengi walirudi muhula uliofuata. Bado nashona palepale.

Wewe uliyefungiwa duka, kwa sababu hii au nyingine yoyote: tunza ujumbe wa malipo, usitie sahihi karatasi usiyoielewa, na ufike kwenye baraza hilo kabla hujahamisha hata sindano.